Kufunga bampa za pikipiki, na cha kufanya matundu yakigoma kukutana

Wakuu, hili suala la bampa za pembeni, krashi gadi kama wengine wanavyoita, watu wanalichukulia kirahisi mno. Unanunua, unampelekea fundi, anagonga nyundo mbili tatu, anakaza, unalipa unaondoka. Baada ya muda bampa inaanza kupiga kelele, bolti imedondoka hujui wapi, au kibaya zaidi sikio la injini, yani ile sehemu ya bodi yake inayopitisha bolti ya kuifunga kwenye fremu, limepata ufa na oili inavuja. Na mara nyingi pikipiki haikuanguka hata siku moja, imeharibiwa na bampa yenyewe iliyofungwa kwa kulazimishwa.

Msimamo wangu kwenye kazi hii ni mmoja na siubadilishi: bampa ikikataa kukaa, kinachorekebishwa ni bampa. Fremu huitoboi, huichomelei, huipindi. Injini ndo kabisa. Bampa utapata nyingine wiki ijayo, ila bodi ya injini ikipasuka pale inaposhikilia bolti unaongelea kushusha injini nzima, kutafuta fundi anayejua kuchomelea aluminiamu, na siku kadhaa bila kazi.

Nitaongelea zaidi pikipiki zetu hizi za silinda moja zinazopozwa na upepo, Boxer, TVS HLX na zile za Kichina, maana ndizo zilizojaa barabarani. Mwenye pikipiki kubwa kanuni ni zilezile, sema yeye ana bolti nyingi zaidi na radieta ya kuilinda.

Tuanzie dukani. Bampa nzuri inajulikana kwa bomba lake na kwa weldi zake, sio kwa rangi. Bomba la unene wa inchi moja hivi lenye ukuta wa milimita 2 linatosha kwa pikipiki ya cc 100 mpaka 150, lile la milimita 1.2 ni bomba la kutengenezea viti, likilala chini mara moja linapinda mpaka linagusa injini uliyotaka kuilinda. Kama ncha ya bomba haijazibwa chungulia ndani uone ukuta, kama imezibwa nyanyua mbili za aina tofauti mkononi, uzito unaongea wenyewe. Weldi iangalie pale bomba linapokutana na vile vibati vya kufungia bolti, iwe imezunguka yote, isiwe na vitundu vitundu wala nukta tatu zilizofunikwa rangi. Halafu muulize muuzaji ni ya modeli gani hasa, maana jina la pikipiki linaweza kuwa lilelile na masikio ya injini yamehamishwa kati ya toleo moja na lingine. Usikubali neno "hii inaingia zote". Bampa inayoingia zote kwa kawaida haikai vizuri kwenye hata moja.

Kingine ni upana. Bampa isizidi upana wa usukani, kwenye foleni ukishaona usukani umepita ubongo unaamini pikipiki nzima imepita, bampa ikiwa pana kuliko usukani ndo inakwangua gari la watu au inanasa kwenye bampa ya mwenzio. Na tuelewane kabisa kazi yake: inalinda injini, tanki, pedeli na mikono ya usukani pikipiki ikilala ubavu. Mguu inaupa nafasi kidogo kwenye kuanguka kwa mwendo mdogo. Ukigongwa na gari bampa haikuhakikishii mguu wako, usije ukajiachia barabarani kisa umefunga chuma.

Sasa vifaa. Spana za ringi na soketi namba 10, 12, 13, 14 na 17, tupa la duara, msasa, WD-40 au oili ya kupenyeza, grisi kidogo, washa nene za kutosha, jeki au hata vipande vya mbao vya kuegemeza injini, mkanda wa kufungia mizigo ule wa kubana kwa racheti, na mtu wa pili. Mtu wa pili sio mapambo, kuna mahali unahitaji mikono minne.

Kabla hujafungua kitu, shikilia bampa pale inapotakiwa kukaa huku mwenzio anaangalia kwa upande mwingine. Bampa nyingi za hizi pikipiki zina sehemu mbili za kushika: juu ina kibano cha U kinachokumbatia bomba la mbele la fremu, chini inatumia bolti ya mbele ya injini, ile inayopita kwenye masikio ya injini. Angalia nini kipo njiani. Mara nyingi ni honi, waya wa klachi na wayaringi inayoshuka pale mbele. Honi unaihamisha sentimita chache, haina neno, ila waya wa klachi ukibanwa kati ya kibano na fremu klachi inakuwa nzito alafu unaanza kulaumu sahani za klachi bure. Piga picha na simu kabla hujagusa chochote ujue kila waya ulipita wapi.

Hii bolti ya injini ndo sehemu ya kuwa makini kuliko zote. Pikipiki isimame kwa stendi ya kati, weka jeki au mbao chini ya injini na kipande cha ubao katikati ili chuma kisigusane na bodi, nyanyua mpaka uzito wa injini uguse tu jeki, usiinyanyue pikipiki. Lengo ni ukichomoa bolti injini isishuke hata milimita moja. Ikishuka matundu yanapishana na unaanza kugonga bolti kwa nyundo kuirudisha, hapo thredi, ile mifereji ya kuzungukia bolti, zinakufa. Fundi mzuri hachomoi tu bolti ndefu, anasukuma bolti mpya au kifimbo cha chuma cha unene uleule kufuata nyuma ya ile inayotoka, tundu halibaki wazi. Na kama bampa inatumia bolti mbili za injini fungua moja, funga, ndo uende ya pili. Kamwe usifungue zote pamoja.

Bolti iliyoganda kwa kutu usiivunje kwa hasira. Ipige oili ya kupenyeza, iache hata usiku mzima, asubuhi jaribu kwanza kuikaza kidogo mbele alafu ndo uifungue, ule mkatiko wa kutu unatoka kirahisi ukianzia upande wa kukaza. Ukisikia inaanza kuwa laini kama mpira, simama, inajinyonga hiyo inataka kukatika, rudia oili.

Sasa bolti mpya. Bampa imeongeza unene, kwahiyo bolti ya zamani imekuwa fupi. Kibati cha bampa kikiwa na milimita 5 bolti nayo iongezeke milimita 5, na kama ni pande zote mbili, milimita 10. Bolti inayopita upande wa pili na kufungwa nati, itokeze thredi mbili tatu nje ya nati. Bolti inayoingia kwenye tundu lisilotokea upande wa pili, pima kina cha tundu kwa waya kabla, maana bolti ndefu mno inagonga mwisho wa tundu, mkononi unasikia imekaza kumbe haijabana kitu, ukilazimisha inapasua aluminiamu. Ikiwa fupi mno nayo inashika thredi tatu tu zinang'oka. Kwenye aluminiamu thredi zilizoshika ziwe na urefu wa angalau mara moja na nusu ya unene wa bolti, yani bolti ya milimita 8 ishike milimita 12 au zaidi.

Na hapa kuna mtego unaowamaliza wengi. Tumezoea kuita bolti kwa namba ya spana, "nipe bolti ya 14". Spana 14 inashika kichwa, haikwambii bolti ina unene gani wala thredi zake zimekaaje. Bolti ya unene wa milimita 10 inaweza kuwa na kichwa cha 14, 16 au 17. Kubwa zaidi, bolti ya milimita 10 ya duka la vifaa vya ujenzi kwa kawaida ina hatua ya thredi (umbali kutoka thredi moja mpaka inayofuata) ya milimita 1.5, wakati kwenye pikipiki nyingi za muundo wa Kijapani utakuta 1.25. Zinaingia mizunguko miwili mitatu vizuri kabisa alafu inakaza, mtu anadhani ni uchafu anaongeza nguvu, thredi zinaliwa zote. Pima hivi: hesabu hatua kumi za thredi kwenye bolti ya zamani, zikiwa milimita 12.5 ni 1.25, zikiwa milimita 15 ni 1.5. Au weka bolti mbili ubavu kwa ubavu thredi zikutane, zikilaliana bila mwanga kupita ni sawa. Nenda na bolti ya zamani dukani, usiende na namba ya kichwani kwako. Na chagua yenye alama 8.8 kichwani, hiyo ni daraja la uimara wa bolti, isiyo na alama yoyote usiifunge kwenye injini. Bolti yoyote lazima iingie kwa vidole mizunguko mitano sita kabla spana haijaigusa.

Haya, kufunga sasa. Kanuni ambayo ikifuatwa inaua nusu ya matatizo yote: bolti zote ziingie zikiwa legelege kabla hujakaza hata moja. Ni kama kufunga kitanda, ukikaza kona moja mpaka mwisho, kona ya nne haikutani. Weka ya chini kushoto, ya chini kulia, kibano cha juu, na lile bomba la kuunganisha kushoto na kulia kama bampa yako ni ya vipande viwili, vyote vining'inie tu. Tikisa bampa ijitafutie mahali pake. Watu wengi wanaosema bampa yangu matundu hayakutani, ukienda kuangalia wameshakaza upande mmoja. Legeza, anza upya, uone.

Umelegeza kila kitu na bado haikutani? Usishike nyundo. Tafuta kwanza kosa liko wapi. Chukua kamba, pima kutoka kwenye nati ya katikati ya usukani mpaka tundu la fremu la kushoto, kisha la kulia. Kama fremu iko sawa vipimo vinalingana au vinakaribiana sana. Vikipishana waziwazi ujue pikipiki iliwahi kuanguka fremu ikapinda, hapo tatizo sio bampa, peleka kwa mtu wa kunyoosha fremu kwanza. Fremu ikiwa sawa, ilaze bampa sakafuni penye usawa, uone kama inacheza. Joto la kuchomelea huwa linavuta vibati, kikipoa kibati kimehama milimita kadhaa, ndo kosa la kawaida kabisa kwa bampa za kuchomelea mtaani na hata za dukani. Angalia pia ndani ya matundu, rangi nene ya poda inapunguza tundu, wakati mwingine dawa yote ni kuikwangua kwa tupa dakika moja.

Tofauti ikiwa ndogo, milimita 2 au 3, fungua tundu la bampa kwa tupa la duara liwe refu kidogo kuelekea upande unaotakiwa. La bampa nasema, sio la fremu. Ukimaliza weka washa nene pana ifunike lile tundu refu lote, washa nyembamba itazama ndani na bolti italegea. Paka rangi pale ulipokwangua, chuma tupu kinashika kutu haraka, hasa kwa watu wa pwani.

Kama matundu yamekutana ila pande mbili za bampa zimeachana kwa nje, tumia ule mkanda wa racheti, zungusha kushoto na kulia, vuta taratibu mpaka bolti iingie kwa vidole. Kuvuta kidogo kunakubalika. Ila ukiachia mkanda na bampa ikaruka kama upinde, umezidisha, chuma kinachokaa kimevutwa kinatetemeka na injini siku nzima na ufa unaanzia kwenye weldi, au nguvu yote inaenda kwenye sikio la injini.

Likiwepo pengo kati ya kibati na sikio la injini, jaza pengo. Hii nasisitiza kwa sababu ndo inayopasua injini nyingi. Mtu anaona pengo la milimita 5, anasema bolti italivuta. Ni kweli bolti italivuta, na kinachopinda kati ya bomba la chuma na sikio la aluminiamu unakijua mwenyewe. Kata bushi ya chuma, kijibomba kifupi cha kupitisha bolti, ya urefu kamili wa hilo pengo, ikiwa fundi wa leithi yuko karibu inachongwa upesi, au panga washa nene, mpaka kibati kikae kimegusa kabla ya kukaza.

Tofauti ikizidi milimita 5 hakuna tupa wala mkanda, kibati kikatwe na kuchomelewa upya. Mpelekee fundi weldi bampa, sio pikipiki. Fungeni kibati kwa bolti kwenye injini mahali pake halisi, pachikeni bampa, pigeni alama kwa msumari au chaki pale vinapokutana, kisha mtoe vyote mkachomelee pembeni. Kama hakuna namna ila apige pointi mbili juu ya pikipiki, basi tanki la mafuta litoke kabisa na liwekwe mbali, toa waya wa negativu wa betri, pikipiki ya injekta chomoa na plagi ya kompyuta yake, na kibano cha ethi cha mashine ya kuchomelea kishike bampa yenyewe karibu na pointi. Kikishika injini umeme unapita kwenye beringi. Anayekwambia tanki liachwe tu litafunikwa na gunia la maji, chukua pikipiki yako uondoke.

Thredi zikishakufa kwenye bodi ya injini usiweke bolti nene kwa kulazimisha wala gundi. Kuna ile springi ya thredi, helikoili, tundu linachimbwa, linapigwa tepu yake (kile chuma cha kukatia thredi), springi inaingia na bolti ya saizi ileile inarudi. Ikifanywa na mtu mwenye tepu sahihi inashika vizuri kuliko aluminiamu ya mwanzo.

Kila kitu kikikaa, kaza kwa zamu, kidogo hapa kidogo kule, ukianza na bolti za injini, kisha bomba la kuunganisha, kibano cha juu mwisho. Kwenye kibano zungushia kipande cha tyubu ya baiskeli kilinde rangi ya fremu. Kwenye bolti za injini fanya kinyume, kwangua rangi nene ya bampa pale washa inapokaa, maana rangi inabonyea taratibu na bolti inalegea yenyewe. Kitabu cha pikipiki kikitaja nguvu ya kukaza fuata hicho. Kama huna, bolti ya 8.8 ya milimita 8 iliyofungwa kwa nati ya chuma inachukua kama Nm 25 (newtonmita, kipimo cha nguvu ya kukaza), ya milimita 10 kama Nm 45, ikiingia kwenye aluminiamu punguza. Huna spana ya kupimia nguvu? Nm 25 ni sawa na kuvuta kwa nguvu ya kilo 15 kwenye spana ya sentimita 17. Usiunge bomba kwenye spana.

Kabla hujaondoka geuza usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, hakuna kinachogusa. Kaeni wawili, bonyezeni shokapu za mbele mpaka chini, tairi na matigadi vibaki na nafasi ya sentimita 2 au 3 na bampa. Ekzosi iachane na bampa angalau sentimita moja na nusu, maana inatanuka ikipata moto. Jaribu gia na breki ya mguu ukiwa umevaa viatu unavyoendeshea. Hakikisha spana ya plagi inaingia na bolti ya kumwagia oili inafikika, kuna bampa zinakulazimisha uzifungue kila ukibadilisha oili, hiyo ni ya kurudisha dukani.

Chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha bolti mpaka kwenye kibati. Kila asubuhi jicho moja tu, mstari ukivunjika bolti imezunguka. Baada ya kilomita 100 hivi kagua zote kwa spana, rudia kwenye 500. Bampa ikitetemeka kwenye mwendo fulani tu, rudi kutafuta pengo au bolti iliyokazwa kabla ya nyingine, usikimbilie kuongeza nguvu.

Na ndugu zangu wa bodaboda, lile turubai la kukinga mvua na matope mnalofunga kwenye bampa, liwe la miguu tu, pembeni. Likiziba mbele ya silinda umeinyima injini upepo wake, na hiyo haina radieta. Kipindi cha mvua funga, jua likirudi toa.

Bampa ikishafanya kazi yake, yani umeanguka na imepinda, usiinyooshe ikiwa juu ya pikipiki, unanyoosha na masikio ya injini. Fungua, futa oili pale inaposhikia, angalia nyufa kwa tochi, hasa kwenye kona za masikio, ufa mwembamba unaonekana kama unywele mweusi ukishafuta na oili ikaanza kuchuruzika tena. Bolti zilizokula ule mshtuko tupa, hata kama zinaonekana zimenyooka, weka mpya za alama ileile.